Kitanda Usichokilalia



Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mithali hii twaitamka sana majumbani mwetu, hasa pale mtu anapolaumu mambo ya nyumba ya mwenziwe. Lakini mara nyingi twaisahau pale inapotakiwa zaidi, yaani pale tunapotaka kuwafanyia watu jambo la heri. Mwezi huu twapenda kuizungumza kwa habari za wilaya mbili za mkoa wa Lindi, nazo ni Nachingwea na jirani yake Ruangwa. Hatudhani kama pako mahali pengine katika nchi yetu palipofunza maana ya mithali hiyo kwa gharama kubwa kama pale.

Sababu ya kuchagua jambo hili ni vijana wetu. Wengi wao wamo vyuoni, na wakati wa likizo hurudi vijijini kwa wazee wao wakiwa na nia njema ya kuendeleza kwao. Mmoja ataka kuchimba kisima, wa pili ataka kuanzisha ufugaji wa nyuki, wa tatu amepata wafadhili wa kujenga zahanati au madrasa. Nia hizo ni za kushukuriwa. Lakini nia njema haimtoshi mtu kuwa na kazi njema. Yule aliyekusudia kumponya mgonjwa, akampa dawa bila kumwuliza anaumwa wapi, aweza kumwua na nia yake safi moyoni.

Siku hizi wataalamu wana elimu mbili wanazoziunganisha ili kukimbia hatari hiyo. Ya kwanza ni elimu ya kukaa na watu, kuwatazama na kuwasikiliza kwa muda mrefu, kisha kuandika maisha yao kama wao wenyewe wanavyoyaelewa. Wanaiita ethnografia. Ya pili ni njia ya kubuni mambo kwa kuanzia kwa mtu atakayeyatumia: kwanza umfahamu, kisha uibainishe shida yake, kisha ubuni njia nyingi za kuitatua, kisha utengeneze mfano mdogo usio na gharama, kisha uujaribu pamoja naye na kuurekebisha. Njia hii ilipata sifa katika Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2009 kampuni ya IDEO ya huko huko ilitoa kitabu cha kuyafundisha mashirika yanayowahudumia watu wa vijijini namna ya kuitumia.

Lakini asidhani kijana wetu kwamba mambo haya yalizaliwa Marekani. Karibu miaka elfu moja iliyopita, mwanachuoni wetu Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alipotaka kuwajua watu wa India hakutosheka na maneno ya wasafiri na wanajeshi. Alijifunza Kisanskriti, akakaa na wanavyuoni wao, akasoma vitabu vyao, na karibu na mwaka 1030 akatoa kitabu kikubwa cha kueleza itikadi, hesabu na desturi zao. Alijiwekea sharti la kusimulia maneno yao kama wanavyoyasema wao, bila kuyapotoa ili apate kuwashinda. Huyo hakuwa mtu wa dini yao wala hakukubaliana nao, lakini alijua kwamba uadilifu wa elimu unaanza kwa kusikiliza.

Na kabla yake, sote twaijua habari ya mitende ya Madina iliyopokewa katika Sahihi ya Muslim. Mtume wetu (s.a.w.) aliwakuta watu wakiichavusha mitende yao kwa mkono, akatoa dhana yake kwamba huenda isingekuwa na faida. Wakaacha, na mazao yakapungua. Alipoelezwa hakuona haya. Aliwafahamisha kwamba ile ilikuwa dhana yake tu, na kwamba katika kazi za dunia yao wao ndio wenye ujuzi zaidi. Basi ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu aliwaachia wakulima wa mitende elimu ya mitende, ni nani mwenye shahada ya chuo atakayekataa kuwaachia wakulima wa Ruangwa elimu ya mikorosho?

Sasa twende Nachingwea.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946, Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika mapori ya Afrika ya Mashariki. Serikali ya huko ikatuma watu watatu kuja kutazama, wakiongozwa na Bwana John Wakefield, aliyekuwa mkuu wa kilimo Tanganyika. Kazi yao yote ilichukua majuma tisa, na sehemu kubwa ya ardhi waliiona kutoka angani ndani ya ndege. Wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zaidi zikiwa katika nchi yetu, na humo sehemu iliyo kubwa kuliko zote ikawa Jimbo la Kusini, yaani nchi ya Nachingwea na pande zake.

Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Ilitarajiwa kwamba mwaka ule wa kwanza zingesafishwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata ekari 10,000. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu, yamenunuliwa kutoka katika mabaki ya vita, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ya Kongwa ina udongo wa mfinyanzi. Jua likiwaka huwa mgumu kama sakafu, na karanga zikisha kukomaa hazichimbuki. Mvua nazo ni chache, na mwaka 1949 ukame ukaja. Wagogo walijua hayo yote kwa kuishi nayo. Ukame kwao si habari mpya. Nyimbo zao, mifugo yao na hata namna ya kujenga nyumba zao yote yamepangwa kwa kuutazamia. Lakini mpango ulikwisha andikwa, na katika mpango ule hapakuwa na mahali pa Mgogo kusema.

Huko Nachingwea mambo yalikuwa tofauti kidogo, na yafaa tuyaeleze kwa haki. Ardhi yake ilikuwa bora kuliko ya Kongwa, na mvua zake zaaminika zaidi. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwamba karanga hazikuweza kuota. Zaweza kuota, na hata leo wakulima wa huko wanazilima. Kosa la Nachingwea lilikuwa jingine: mambo makubwa yalianza kabla ya madogo kujaribiwa. Pori lilikuwa nene na kung'oa visiki kukagharimu fedha nyingi kuliko ilivyohesabiwa. Bandari mpya ilibidi ijengwe Mtwara na reli ipelekwe bara, yote kwa ajili ya zao ambalo bado hapakuwa na mtu aliyelijaribu kwa mashine katika udongo ule hata kwa misimu michache. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954. Lakini mpango wa karanga wenyewe ulikuwa umekwisha futwa mwanzoni mwa mwaka 1951, na serikali ya Uingereza ikaandika hasara ya pauni zaidi ya milioni 35. Reli nayo, ikikosa mizigo, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kilichobaki Nachingwea ni kiwanja cha ndege, majengo, na majina ya mashamba yaliyopewa namba. Farm 17, iliyokuja kuwa kambi mashuhuri ya wapigania uhuru wa FRELIMO, ni jina la zama hizo. Mtoto wa Nachingwea hukua akilitaja jina hilo, na pengine hajui kwamba ni namba ya ndoto ya watu waliohesabu mashamba kabla ya kumwuliza mkulima.

Basi msomaji aone kwamba hapa pana makosa mawili, si moja. Kongwa ni kosa la kutouliza. Nachingwea ni kosa la kutojaribu. Mtu aweza kuwauliza wenyeji vizuri kabisa, kisha akaanza kwa ukubwa uliopita kiasi akaangamia. Na aweza kujaribu kwa uangalifu jambo ambalo wenyeji hawalihitaji, nalo likafa mara atakapoondoka. Ndiyo sababu wataalamu waliunganisha elimu zile mbili tulizozitaja. Moja yazuia kosa la kwanza, na nyingine yazuia la pili.

Wala tusidhani kwamba kosa hilo lilikuwa la wageni peke yao. Tulipokuwa huru tulilitenda wenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali yetu iliwaita watu wakae pamoja katika vijiji vya ujamaa, na katika miaka ya 1973 mpaka 1976 wito huo ukawa amri. Nia ilikuwa kuwapelekea watu shule, maji na zahanati, na kwa kweli shule nyingi zilijengwa. Lakini katika mikoa ya Kusini mali ya mkulima ni mti. Mkorosho hauhamishwi kama mbuzi. Watu walipohamishiwa kando ya barabara, mikorosho yao ikabaki mbali kwenye mahame. Haikupaliliwa, moto wa msituni ukaiunguza, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea bila wa kuuzuia. Bei ndogo aliyolipwa mkulima nayo ikamvunja moyo. Katika msimu wa 1973/1974 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000 katika misimu mingine.

Sababu zilikuwa nyingi, wala si haki kumtwika kuhama mzigo wote. Lakini lau mtu angekaa na mzee mmoja wa Kimwera kwa mwaka mzima, akamfuata shambani wakati wa kupalilia, wakati wa kuchoma majani na wakati wa kuokota korosho, angaliona kwamba umbali wa nyumba na mti si jambo dogo. Ni jambo ambalo maisha yote yamelizunguka.

Namna zao zilivyofufuka nayo ni funzo. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, walionyesha kwamba unga wa salfa wauzuia ubwiriunga, na jambo hilo likajaribiwa katika mashamba ya wakulima wenyewe mpaka likazoeleka. Miche bora ikagawanywa. Biashara nayo ikabadilika. Katika msimu wa 2017/2018 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Leo wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wana chama chao kikuu cha ushirika, RUNALI, ambacho jina lake limekusanywa katika herufi za wilaya hizo tatu, na korosho, ufuta na mbaazi zao huuzwa mnadani.

Sasa twataka kuwaeleza wasomaji kwamba Kusini pia pana habari njema za watu waliojifunza kukaa na kusikiliza. Katika miaka ya 1960, mwanamke mmoja wa Kifini, Bibi Marja-Liisa Swantz, aliishi miaka kadhaa katika kijiji cha Wazaramo karibu na Dar es Salaam, akijifunza maisha na mila zao. Baadaye, kuanzia mwaka 1975 mpaka 1979, aliongoza pamoja na wenzake wa Tanzania utafiti ulioitwa Jipemoyo, katika wilaya ya Bagamoyo. Jambo lililokuwa jipya ni kwamba wanakijiji hawakufanywa kuwa kitu cha kutazamwa, bali walikuwa watafiti pamoja na wageni. Walichagua maswali, wakajadili majibu, na matokeo yakarudishwa kwao kwanza.

Fikira hizo zikafika Kusini. Kuanzia mwaka 1988 mpaka 2005 serikali ya Finland ilisaidia katika mikoa ya Lindi na Mtwara mradi mkubwa wa maendeleo vijijini, ulioitwa kwa kifupi RIPS. Katika miaka ya 1990 mradi huo ulishika njia ya kushirikisha, na Bibi Swantz akawa miongoni mwa waliofanya kazi huko. Maofisa walikwenda kukaa vijijini, wakaketi chini pamoja na watu. Wanakijiji walichora ramani ya kijiji chao juu ya mchanga kwa vijiti, mawe na majani. Wakaonyesha mito, visima, misitu na nyumba za wajane. Walichora kalenda ya mwaka, mwezi wa shibe na mwezi wa njaa, mwezi wa fedha na mwezi wa deni. Bibi kizee asiyejua kusoma aweza kusimama juu ya ramani hiyo na kumsahihisha ofisa, na ofisa akanyamaza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali yetu ilianza kutumia katika halmashauri njia ya namna hiyo, iitwayo Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo.

Basi kijana atakayekwenda Nachingwea au Ruangwa kwa njia hii ataona nini ambacho karatasi ya maswali haiwezi kumwonyesha? Tutataja matatu.

Kwanza, ukoo. Karatasi huuliza: nani mkuu wa nyumba? Watu hujibu: baba. Lakini Wamwera, kama majirani zao Wayao, Wamakua na Wamakonde, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa katika mambo ya wapwa zake na ya ardhi ya ukoo. Uislamu umeingia huko zamani na kuleta sheria yake ya baba na ya mirathi, na mambo hayo mawili yanakaa pamoja, mara nyingine kwa amani na mara nyingine kwa mashindano. Mtu akisaini na baba mkataba wa shamba, na mjomba hakuulizwa, asistaajabu siku moja kazi ikisimama.

Pili, majira. Huko mvua ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili. Wakati huo watu wengi huwa mashambani, wengine hulala huko katika vibanda na madungu wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe mwitu na nyani, na mahali pengine tembo. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya ghala tupu. Anayeitisha mkutano Januari atakuta wazee na watoto, kisha ataandika katika taarifa yake kwamba wananchi hawana mwamko. Na anayetaka mchango wa fedha asiutake Februari, bali baada ya korosho au ufuta kuuzwa.

Tatu, sauti za akina mama. Katika mkutano wa hadhara wanaume husema na wanawake hukaa nyuma. Kunyamaza kwao si kukubali. Kijana mwerevu atamwomba mama yake, shangazi yake au dada yake aende kisimani na kinuni, awasikilize wenziwe huko. Hapo heshima imehifadhiwa na ukweli umepatikana.

Ili jambo lisibaki maneno matupu, tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme kamati ya msikiti imepata sadaka ya kuchimba kisima, na wote wamekubali kichimbwe uwanjani mwa msikiti kwa ajili ya udhu. Kijana wetu aombe majuma matatu kabla ya kuchimba. Juma la kwanza asimwulize mtu neno juu ya kisima. Ahesabu tu: nani wateka maji, saa ngapi, ndoo ngapi, maji gani ya kunywa, maji gani ya kufulia. Huenda akaona kwamba watu huyapita maji ya karibu wakaenda ya mbali, kwa kuwa ya karibu yana kutu, yageuza rangi ya nguo na yaharibu ladha ya ugali. Hapo shida si umbali, ni ladha. Na kisima kipya kikitoa maji yale yale hakitanywewa. Juma la pili akusanye mashauri mengi bila kulicheka hata moja. Juma la tatu afanye jaribio la bei ndogo: maji ya mahali panapokusudiwa yachotwe na kupimwa, yapikiwe na akina mama watatu, nao waseme. Na kabla ya yote hayo kwisha, aulize swali ambalo kila mtu hulikwepa: pampu ikiharibika, nani atainunulia kifaa, kwa fedha za nani, na fundi atatoka wapi? Tangu miaka ya 1970 visima vingi vya pampu za mkono vilichimbwa katika mikoa hii kwa msaada wa Finland, na kila pampu ya mkono huharibika siku moja. Kisima kinaanza kuwa cha kijiji siku ile pampu inapoharibika mara ya kwanza na wenyewe wakaitengeneza.

Iko hatari moja ambayo kwa Waislamu haifai kunyamaziwa. Kumtazama mtu na kuandika mambo yake kuko jirani sana na upelelezi, na dini yetu imekataza kupeleleza aibu za watu na kuwasengenya. Tofauti iko wapi? Twaona iko katika mambo manne. Mtafiti aseme waziwazi yeye ni nani na ataka nini. Asiingie nyumba isipokuwa kwa idhini, na mtu akikataa asilazimishwe. Siri aliyoambiwa aiweke kama amana, wala asitaje jina la mtu pale ambapo litamdhuru. Na aliyoyaandika ayarudishe, awasomee wenyewe, wamsahihishe. Mambo kama jando na unyago, ambayo watu wa Kusini wana heshima na siri ndani yake, si ya kupigwa picha na kutangazwa na kila mpita njia. Asiyeweza kushika masharti haya akae nyumbani kwake.

Na iko hatari ya pili, nayo ni ya hila zaidi. Kuuliza nako kwaweza kugeuzwa pazia. Mpango umekwisha amuliwa mjini. Kisha watu huitwa, huchorewa ramani, hupewa soda, hupigwa picha, na taarifa huandikwa kwamba wameshirikishwa. Huo si ushirikishwaji, bali ni mihuri. Vijiji vilivyoulizwa mara tano bila kuona kitu hujifunza kujibu lile mgeni apendalo kusikia, na hapo hata mtafiti mwaminifu hapati ukweli tena. Kipimo chake ni rahisi. Ikiwa jibu la wanakijiji haliwezi kubadili kitu katika mpango, basi usiwaulize. Waambie tu kwamba umekwisha amua, ili wajue pa kusimama.

Kwa Ruangwa jambo hili si la historia. Ardhi yake ina madini ya kinywe, yanayotakiwa sana duniani kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na uchimbaji umekwisha anza. Mahali pa machimbo huwa na mashamba, mikorosho, makaburi na visima vya watu. Fidia yaweza kuhesabu miti, lakini nani atahesabu kivuli cha mwembe ambapo ndoa za ukoo mzima zilifungwa? Nani atajua kwamba shamba lililoandikwa kwa jina la mtu mmoja lalisha dada zake watatu na watoto wao? Hayo hayajulikani kwa fomu ya siku moja. Yajulikana kwa kukaa. Na yakijulikana kabla ya kazi, yaweza kupangiwa. Yakijulikana baada ya kazi, huwa ni kesi.

Kwa wazazi twasema: msiwacheke watoto wenu warudipo kutoka vyuoni na kuanza kuwauliza mambo ambayo kila mtu kijijini ayajua. Kuuliza si ujinga. Waketisheni, waelezeni majina ya udongo, dalili za mvua, miti ya dawa na mipaka ya koo. Elimu hiyo haimo katika vitabu vingi, na wazee wanaoijua wanapungua kila mwaka.

Kwa vijana twasema: kabla hamjaandika ombi la fedha, andikeni kwanza daftari moja la yale mliyoyasikia kwa watu wenu. Anzeni na nyumba yenu wenyewe. Mwulize mama yako kazi ipi ya siku inamchosha zaidi, na usimjibu. Sikiliza tu mpaka amalize. Wengi wenu mtagundua kwamba miaka ishirini mmekula chakula chake bila kulijua jibu hilo. Kisha jaribuni kumpunguzia kazi hiyo kwa jambo dogo, mtazame kama limemfaa, na kama halikumfaa mlibadilishe. Aliyeweza hilo ndani ya nyumba moja ana haki ya kusogea mpaka kijiji.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha kushauriana, na moja ya sura za Kitabu chake ameiita Shura. Hakutuwekea sharti kwamba wa kushauriwa awe msomi au tajiri. Tumwombe atujaalie masikio kabla ya ndimi, na atuonyeshe manufaa katika kazi za mikono yetu na za mikono ya wenzetu. Amin.